Hakuwa Mhandisi: Kisa cha Wasifu wa Mchora Ramani

Saa tano usiku, mkesha wa mazishi, mama mkubwa alinyoosha mkono akaipokea karatasi niliyokuwa nayo. Ilikuwa rasimu ya tatu ya wasifu wa marehemu mumewe. Akaisogeza kwenye mwanga wa taa, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, na kidole kilipofika kwenye aya ya pili kikasimama.

"Hili neno limetoka wapi?"

Neno lenyewe lilikuwa mhandisi. Kaka, mwanawe wa kwanza, akamjibu kwa sauti ya chini, "Mama, ni kwa heshima ya baba." Mama mkubwa akanirudishia karatasi. "Baba yenu hakuwa mhandisi. Alikuwa mchora ramani. Futeni."

Nimekitafakari kisa hiki kwa miezi mingi, na nakiandika kwa sababu naamini familia nyingi hupita palepale tulipopita sisi, usiku uleule wa mwisho, karatasi mkononi na macho mekundu. Majina sitayataja. Na baba mkubwa mwenyewe, kwa miaka 35 ya kazi, hakuwahi kuandika jina lake kamili kwenye mchoro wowote wa ofisi. Aliweka herufi tatu tu, kwenye kona ya chini kulia.

Alifariki Dodoma akiwa na miaka sabini na ushei, baada ya kuugua wiki mbili. Jioni ileile kamati ya mazishi iliketi chini ya turubai ikagawa kazi: wa jeneza, wa chakula, wa magari, wa kaburi. Mimi ni mtoto wa mdogo wake, nililelewa nyumbani kwake tangu kidato cha kwanza, nikapewa wasifu. Ratiba ilinitengea dakika tano, kati ya salamu za jumuiya na mahubiri.

Mtiririko wa wasifu wa marehemu kila mtu anaujua. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa, alistaafu, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mtiririko huo umewasitiri watu wengi ambao siku hiyo hawana nguvu ya kutunga hata sentensi moja, na sina ugomvi nao. Shida ni kwamba taarifa zake hutoka kwenye bahasha. Niliifungua bahasha ya kaki ya baba mkubwa nikakuta cheti cha ubatizo, cheti cha chuo, barua ya ajira, cheti cha ndoa, barua ya kustaafu, kadi ya bima. Katika nusu saa rasimu ya kwanza ilikuwa tayari, na ungeweza kubadilisha jina ukaisoma kwenye msiba wa mzee mwingine yeyote wa rika lake.

Kazi yake ilichukua mstari mmoja: aliajiriwa mwaka 1976 kama mchora ramani hadi alipostaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 60. Kaka aliposoma alinyamaza, kisha akauliza, "Ndiyo basi? Miaka thelathini na mitano?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Akachukua kalamu akaongeza: mhandisi mwandamizi, mmoja wa waliojenga makao makuu ya nchi.

Nataka nimtendee haki Kaka hapa, kwa sababu mtu anayesikia kisa hiki kwa haraka hudhani alikuwa anatafuta ukubwa. Kwanza kulikuwa na mazingira. Msibani Dodoma viti vya mbele hukaliwa na watu wenye vyeo, mshereheshaji anawataja mmoja mmoja, na mtoto anaona baba yake analala kwenye jeneza bila kitangulizi chochote cha jina. Lakini sababu kubwa haikuwa hiyo. Sababu kubwa ilitoka usiku ule ule, baada ya mama yake kusema futeni.

"Mama, unajua angekuwa mhandisi," Kaka alisema. "Unajua kwa nini hakuwa."

Sote tulijua. Mwaka 1989 baba mkubwa alipata nafasi ya kurudi masomoni Dar es Salaam, miaka mitatu, ambayo ingemtoa kwenye meza ya kuchora na kumpeleka kwenye meza ya kuidhinisha. Bibi, yaani mama yake, alikuwa amepooza upande mmoja mwaka huohuo na ameletwa kukaa naye. Watoto wanne walikuwa shuleni, mdogo akiwa darasa la kwanza. Barua ya nafasi ile aliirudisha. Baadaye akakataa uhamisho mara mbili. Walioanza kazi pamoja naye wakapanda, yeye akabaki ngazi moja kwa miaka mingi. Kaka alikua akiliona hilo, na nadhani alilibeba kama deni. Kwa hiyo usiku ule alikuwa anajaribu kumrudishia baba yake, mbele ya kaburi, kile alichokiacha kwa ajili yao.

Mama mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika nyuma ya rasimu, na karatasi ile ninayo hadi leo: "Hakunyimwa, mwanangu. Alichagua. Mkimwita mhandisi mnamwambia alikosea kuchagua."

Hapo ndipo nilipoona kosa letu lilipokuwa. Rasimu ilikuwa nyembamba, hilo Kaka aliliona sawasawa. Tiba yake ndiyo iliyokuwa si yake. Tulikuwa tunajaribu kuujaza wasifu kwa kukopa cheo cha mtu mwingine, wakati kazi ya mwenyewe hatujaieleza hata kidogo. Tena neno mhandisi nchini lina Bodi yake ya Usajili, mtu hajipachiki tu, na baba mkubwa aliyekuwa akifuta mstari mzima kwa sababu umezidi unene angekuwa wa kwanza kulikwangua.

Nikaweka kalamu chini nikamuuliza mama mkubwa swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: "Kazi yenyewe ilikuwaje?" Alizungumza mpaka karibu saa nane. Karibu kila nitakachoeleza kuhusu ufundi wa baba mkubwa kilitoka kwake, mwanamke ambaye jina lake halikuwahi kuwa kwenye faili lolote la ofisi ile.

Kwanza mazingira ya wakati. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile iliyojulikana kwa watu wote kama CDA hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Mpango kabambe wa mji ulikamilika mwaka 1976, umeandaliwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates ya Toronto. Mpango wa namna hiyo ni kitabu na picha kubwa. Ili fundi aweze kuchimba msingi na mpimaji aweze kusimika bikoni, picha ile lazima ivunjwe iwe mamia ya karatasi, kila barabara, mtaro na mpaka wa kiwanja ukiwa na kipimo chake. Kijana aliyetoka Chuo cha Ardhi mwaka huo, amejifunza kunyoosha mstari, aliingia kwenye kazi ambayo isingeisha katika maisha yake.

"Mhandisi alikuwa akileta wazo," alisema mama mkubwa. "Baba yenu ndiye aliyekesha nalo."

Alikesha kwa wino. Kalamu zake zilikuwa za Rotring, kila moja na pete ya rangi yake: nyekundu ni unene wa milimita 0.18, nyeupe 0.25, njano 0.35, kahawia 0.5, buluu 0.7. Ukizichunguza namba hizo utakuta kila kalamu inaizidi iliyotangulia kwa takriban mara 1.4, na ndivyo pia karatasi ya A3 inavyoizidi A4 kwa kila upande. Kwa hiyo mchoro ukikuzwa kutoka karatasi ndogo kwenda kubwa, mistari yake hukua hatua kwa hatua na kalamu, na mchoraji anaweza kuendelea na kalamu inayofuata bila jicho kuona mshono. Baba mkubwa alinieleza jambo hili nikiwa kidato cha pili, kwenye meza ya chakula, kwa furaha ambayo sikuielewa. Naielewa sasa.

Karatasi ilikuwa ile nyororo inayoonyesha upande wa pili, na adui yake ni mafuta ya mkono. Kabla ya kuanza alinyunyiza poda, akaipangusa kwa kitambaa ili wino ushike, na siku zote akaweka karatasi nyingine chini ya kiganja. Ndiyo maana alirudi nyumbani akinukia poda ya mtoto, na siku za kutoa kopi akanukia amonia ya mashine mpaka watoto wakafikicha macho. Akikosea hakufuta kwa kifutio. Alikwangua wino kwa ncha ya wembe, taratibu, kisha akapasugua kwa ukucha wa kidole gumba mpaka nyuzi za karatasi zilale tena, la sivyo wino mpya ungetambaa. Ukucha wake wa gumba la kulia ulikuwa umelika upande mmoja. Niliuona siku alipolala hospitali, mkono juu ya shuka, na sikujua ninachokiona.

Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kwa mafundi: usipime mchoro kwa rula, soma namba iliyoandikwa. Karatasi hujikunja na kutanuka kwa hali ya hewa, kopi nayo huvuta. Namba ndiyo ahadi.

Na kona ya chini kulia kuna kisanduku. Imebuniwa na, imechorwa na, imekaguliwa na, imeidhinishwa na. Mchora ramani hukaa kwenye nafasi ya pili kwa herufi za mwanzo za jina. Dunia nzima ndivyo ilivyo, na mara chache sana herufi hizo hupata kuwa jina. Harry Beck, aliyekuwa mchoraji katika ofisi ya ishara za reli, aliichora mwaka 1931 ramani ya treni za chini ya ardhi za London kwa mistari iliyonyooka kama saketi ya umeme. Leo ramani ile imechapwa na jina lake chini, lakini maandishi hayo yaliwekwa miaka mingi baada ya yeye kufariki mwaka 1974. Kaka alipouliza usiku ule, "Nani atamkumbuka mchora ramani?", nilimtaja Beck. Haikumsaidia sana. Alikuwa anamlilia baba yake, hakuwa anatafuta mfano.

Kilichomsaidia kilitoka kwa dada yetu, wa tatu kuzaliwa, ambaye alikuwa amelala au tulidhani amelala kwenye mkeka. Akainuka, akasema, "Mwambieni ile ramani ya shule."

Kila mtoto wa nyumba ile alipoanza darasa la kwanza, baba mkubwa alimchorea ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Ya dada alikuwa nayo kwenye pochi, imekunjwa mara nne, mikunjo imeungwa kwa gundi ya karatasi. Nyumba yetu ya Nkuhungu iko chini kushoto, mwembe umechorwa jani kwa jani, duka la mangi lina mlango wake. Korongo limepigwa mistari ya mshazari na maandishi ya herufi kubwa zilizosimama wima: USIPITE HAPA MVUA IKINYESHA, ZUNGUKA KWA MAMA ANAYEUZA MAANDAZI. Makorongo ya Dodoma huwa makavu karibu mwaka mzima, halafu siku moja hushuka maji yenye nguvu ya kumbeba mtu mzima. Na pembeni, mahali pa kipimio, hakukuwa na mita. Paliandikwa: HATUA 100. Alikuwa ametembea na mtoto huyo Jumapili nzima akihesabu hatua za mtoto mwenyewe, akachora ramani kwa kipimo cha miguu yake. Ramani ya kila mtoto ilikuwa tofauti kwa sababu kila mtoto alikuwa na hatua yake.

Kaka aliikamata ile karatasi muda mrefu. Yeye yake ilipotea zamani. Kisha akasema, "Andika hiyo."

Nikaandika upya. Mhandisi likaondoka, likabaki mchora ramani, na baada yake nikaweka sentensi sita. Kwamba mitaa kadhaa ambayo waombolezaji wamepita kuja msibani ilipita kwanza chini ya kalamu yake. Kwamba mwaka 1989 aliitwa masomoni akachagua kubaki na mama yake mgonjwa na watoto wake, na hakulalamika. Kwamba aliwachorea watoto wake njia ya shule kwa hatua zao. Poda na wembe niliviweka pia, kwa ombi la mama mkubwa. Ili vipate nafasi nilikata orodha ya kamati za kanisa alizokuwa mjumbe, na hapo mjomba mmoja alinuna kidogo, naye alikuwa na haki yake, maana kanisa ni mahali alipotumika. Wasifu ni dakika tano. Kila unachoweka kimemsukuma mwenzake.

Sitasema alikuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alinyamaza sana. Ripoti ya shule aliirudisha na alama ya vema ya penseli, hakuna neno, na sisi tukabaki tunapima urefu wa ile alama kujua kama amefurahi. Sherehe alizikwepa. Hayo hayakuingia, na nadhani si pahala pake, ila nayaandika hapa kwa sababu mapenzi yake yalipita njia nyembamba na ilimbidi mtu ajue pa kuyatafuta.

Kesho yake nilisoma. Sauti ilinikatika kwenye hatua za mtoto, nikamaliza. Baada ya mazishi fundi mwashi mmoja mzee alimjia Kaka, akavua kofia, akasema kuwa tangu mzee astaafu alikuwa anawachorea ramani watu wa mtaani wanaohangaikia kibali cha ujenzi, na kwamba katika nyumba zote alizojenga kwa michoro ile hakuwahi kubomoa ukuta kwa sababu kipimo hakikukutana na kingine. "Namba zake zilikuwa zinajumlika," alisema. Kaka alimshika mkono fundi yule kwa mikono yote miwili. Nilikuwa karibu, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya siku.

Nikiulizwa leo ningefanya nini tofauti, ningeanza na mjane kabla ya kufungua bahasha. Tulimwacha chumbani na wamama, tukidhani tunampumzisha, huku mtu pekee aliyeijua kazi ile tangu siku ya kwanza alikuwa ni yeye. Na ningeomba kila mtoto alete kitu kimoja alichopewa na marehemu, kwa sababu dada asingeamka usiku ule, ramani ya shule ingebaki kwenye pochi.

Baada ya arobaini tulikutana tena kupanga vitu vyake. Juu ya kabati kulikuwa na mkebe mrefu wa michoro. Ndani, karatasi moja: nyumba ya familia, kipimo 1:100, mwaka 1981. Miaka ile baada ya Vita vya Kagera saruji ilikuwa adimu, nyumba ilipanda kozi moja moja, na mchoro ukasubiri. Lakini haukulala. Upande wa kulia kulikuwa na jedwali la marekebisho, lile ambalo kila mchoro wa ofisi huwa nalo: herufi, tarehe, maelezo, imechorwa, imekaguliwa.

A, 1983: chumba cha watoto kimeongezwa. B, 1986: kimegawanywa, wasichana na wavulana. C, 1989: ngazi za mlango wa nyuma zimeondolewa, mteremko 1:12 umewekwa, kwa ajili ya Mama. Huo ulikuwa mwaka wa barua aliyoirudisha. D, 1994: dirisha la magharibi la chumba cha mwisho limezibwa, jipya limefunguliwa kaskazini, mwanga wa kusomea. Mwaka 1994 ndio nilioingia kidato cha kwanza. Nilikumbuka mafundi wakivunja ukuta wiki ya pili baada ya mimi kufika, na nilidhani kulikuwa na ufa. Hakuniambia kitu, na mimi nikasoma miaka minne kwenye mwanga ule.

Safu ya imechorwa ilikuwa na herufi zake tatu, kila mstari. Safu ya imekaguliwa ilikuwa na saini ya mama mkubwa, kila mstari.

Mstari wa mwisho, G, ulikuwa wa mwaka aliofariki: vishikio viwili bafuni, sentimita 80 kutoka sakafuni, goti la Mama Watoto. Herufi tatu zilikuwepo, zimetetemeka kidogo. Kisanduku cha mwisho kilikuwa kitupu.

Mama mkubwa aliomba kalamu. Kaka akampa ya pete ya njano, tuliyoikuta ndani ya mkebe, akaanza kuifungua. "Ngoja," mama mkubwa akasema, "haitashika hivihivi." Akaingia chumbani, akarudi na kopo la poda, akanyunyiza kidogo juu ya kisanduku na kuipangusa kwa ncha ya kanga.